Padre, sala yangu imekauka. Je, Mungu ameniacha?

*Swali:* Tumsifu Yesu Kristo, Padre, na shikamoo. Naandika kutoka Singida. Ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 46, nina mume na watoto watatu. Nimekuwa Karismatiki tangu chuoni, na sasa ni mwenyekiti wa jumuiya yetu. Zamani nikianza tu kusali machozi ya furaha yalinitoka, na mkesha kwangu ulikuwa kama sherehe. Huu ni mwaka wa tatu sisikii kitu. Nikipiga magoti ni kama naongea na ukuta. Rozari naimaliza bila kujua nimesali nini. Ilianza mwaka ule tulipompoteza mama. Wenzangu wanasema nimepoa. Mhubiri mmoja aliniambia ni laana ya ukoo, nifunge siku 21 na kutoa sadaka ya kujikomboa. Nilifunga, sadaka nikatoa, hakuna kilichobadilika. Nikiongoza sala jumuiyani najiona mnafiki, nafikiria kujiuzulu. Naogopa kwamba mimi ndiye yule vuguvugu atakayetapikwa. Je, Mungu ameniacha, au ni mimi niliyemwacha?

*Jibu:* Milele amina, dada yangu, na marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimekaa nayo kanisani baada ya Misa ya asubuhi, kwa sababu sikutaka kukujibu harakaharaka.

Nianze na hofu uliyoiweka mwishoni, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi. Maneno ya kutapikwa yako Ufunuo sura ya 3, katika barua kwa Kanisa la Laodikia. Endelea mpaka aya ya 17, ambayo mara nyingi haifikiwi mahubirini. Pale Bwana anaeleza kosa lao: wanasema wao ni matajiri, hawana haja ya kitu. Vuguvugu ni mtu aliyeshiba. Hana kiu, na kukosa kiu hakumsumbui. Wewe barua yako yote ni kiu. Mtu aliyemwacha Mungu hakai miaka mitatu akiuliza Mungu yuko wapi. Angekuwa ameshakwenda zake, na usiku analala fofofo.

Sisemi hivyo ili kukutuliza tu. Ni kipimo cha zamani sana, na aliyekieleza vizuri kuliko wote ni Mtakatifu Yohane wa Msalaba, mtawa wa shirika la Wakarmeli huko Hispania. Giza alilijua kwa mwili wake. Desemba 1577 Wakarmeli wenzake waliopinga matengenezo ya shirika aliyokuwa akiyafanya pamoja na Mtakatifu Teresa wa Avila walimkamata, wakamfungia Toledo katika kichumba chenye tundu dogo tu la mwanga. Alikaa humo karibu miezi 9, hadi alipotoroka usiku mmoja wa Agosti 1578. Baadaye, akiwalea wengine, aliandika kwamba ukame unaotoka kwa Mungu unatambulikana kwa alama tatu, na ni lazima zote tatu ziwepo pamoja.

Ya kwanza: mtu haonji utamu katika mambo ya Mungu, na wala hauonji kwingine. Kama sala imekauka lakini tamthilia, umbea na mipango ya hela vinanoga kama kawaida, huo ni uzembe, na dawa yake ni kitubio na kuzima simu mapema. Ya pili: anaumia. Kutwa anamkumbuka Mungu, akidhani hamtumikii tena, anarudi nyuma. Ya tatu: hawezi tena kutafakari kama zamani. Akijaribu kuwaza tukio la Injili, kuliona, kulichambua, akili inagoma, na si kwa kuwa hataki.

Sasa irudie barua yako mwenyewe na alama hizo mkononi. Ya pili imejaa kila mstari. Ya tatu ipo, rozari inasema. Kuhusu ya kwanza hukuniambia, na hapo ndipo ninapotaka tuende polepole, kwa sababu Yohane mwenyewe alijua kwamba ukame wa roho na ugonjwa wa huzuni, yaani sonona, unaweza kukaa nyumba moja.

Unamkumbuka Eliya? Amewashinda manabii wa Baali mlimani Karmeli, na muda si mrefu baadaye yuko jangwani chini ya mti wa mretemu, anamwomba Mungu amuue. Iko 1 Wafalme 19. Malaika anakuja, na hamhubirii. Hamwambii amepoa, wala hamuulizi imani yake imekwenda wapi. Anamgusa, anamwambia ale. Kuna mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, analala tena, na malaika anamrudia mara ya pili: inuka ule, safari hii ni kubwa kwako. Ndipo anapata nguvu ya kutembea siku 40 hadi Horebu. Kabla ya sauti ndogo, ya utulivu, kulikuwa na usingizi na milo miwili.

Kwa hiyo nakuuliza kama ndugu. Unalala? Chakula kinapita? Vitu ulivyokuwa ukivipenda, darasa lako, watoto wako, bado vinakugusa? Kama kwa wiki mbili na zaidi, karibu kila siku, kila kitu kimekuwa kizito, usingizi umevurugika, na hasa kama umewahi kuwaza kwamba ni heri usingekuwepo, nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, waambie unataka kuonana na mhudumu wa afya ya akili. Wazo la namna hiyo likikujia leo, usingoje kesho, mwambie mumeo leo hii. Sonona ni ugonjwa, una matibabu, na kutibiwa hakupunguzi imani yako hata chembe. Umri wako nao una mabadiliko yake ya mwili yanayoweza kuvuruga usingizi na hisia. Usione aibu kumuuliza daktari. Nimeshaona watu wakikemewa mapepo miezi mingi huku wanachohitaji kipo zahanati. Linaniuma sana hilo.

Sasa naja kwa mama.

Umemtaja kwa sentensi moja fupi, kisha ukaenda kwingine. Nilipoisoma mara ya tatu nilisimama hapo. Hukusema kama aliugua. Hukusema kama ulimwombea apone. Lakini nimekaa na waliofiwa miaka mingi, na nawajua Wakristo wenye bidii: nadhani uliomba. Nadhani kulikuwa na novena, ile sala ya siku tisa, pengine na mkesha, pengine mtu alikuhakikishia kwamba atapona ukiamini tu. Kisha ukawa mtu wa kupokea wageni, kuhesabu michango, kutafuta maturubai, kuwanyamazisha wadogo zako, na siku ya maziko ukaimba. Watu wakasifu imani yako. Kama nimekosea nisamehe. Kama nimepatia, basi nakuuliza jambo ambalo huenda hakuna aliyekuuliza: je, umewahi kumwambia Mungu ulichotaka kumwambia siku ile?

Katika Mwanzo 26 kuna habari ya Isaka ambayo naipenda sana. Visima alivyovichimba baba yake Ibrahimu, Wafilisti walivifukia baada ya Ibrahimu kufa. Isaka anarudi, anavichimba upya, anaviita majina yaleyale aliyoviita babaye. Maji yalikuwepo muda wote, chini. Kilichoyazuia ni kifusi kilichoingia mzazi alipokufa.

Sina hakika kwamba kisima chako kimefukiwa hivyo. Lakini ningeanza kuchimba hapo. Sala nyingi ninazoletewa zikiitwa kavu zimezibwa na sentensi moja ambayo mtu anaogopa kuisema kwa Mungu, na kwa kuwa hiyo haisemwi, nyingine zote zinatoka za bandia. Huwezi kumsifu kutoka moyoni mtu ambaye una neno naye hujamwambia. Hata kwa mumeo huwezi.

Biblia imekupa ruhusa, tena imekupa na maneno. "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Hiyo ni Zaburi 13. Zaburi 88 ni nzito zaidi. Mwimbaji analalamika mwanzo hadi mwisho kwamba Mungu amemtupa na kumficha uso wake, na tofauti na zaburi nyingine za maombolezo, haigeuki kuwa shukrani mwishoni. Inaishia gizani. Na Kanisa halikuificha. Imewekwa katika Sala ya Usiku ya kila Ijumaa, ili sisi mapadre na watawa, na mlei yeyote anayependa, tuisali kila wiki, hata wiki ambayo tuna furaha, kwa ajili ya wenzetu ambao ni wimbo wao. Miaka mitatu hii umeombewa kwa zaburi hiyo kila Ijumaa, na watu usiowajua.

Najua jinsi wengi wetu tulivyolelewa. Katika vikundi vya sala vya Afrika Mashariki, vya Kikatoliki na vya wenzetu Waprotestanti, ushuhuda una sura moja: nilikuwa hivi, Bwana akanitoa, sasa nina furaha. Ni zawadi kubwa na imewaokoa wengi. Machozi uliyoyatoa zamani yalikuwa ya kweli, usiyakane leo. Lakini hakuna aliyetufundisha ushuhuda wa mtu ambaye bado yumo ndani ya jambo lake. Ndiyo maana ukisimama na kusema ukweli wako wanakuambia umepoa. Hawana neno jingine la kukupa.

Teresa wa Avila analo. Alieleza sala kwa mfano wa bustani inayomwagiliwa kwa njia nne: kuteka kisimani kwa ndoo, kuzungusha gurudumu linalopandisha maji, kufungulia maji ya kijito yakimbie shambani kama mifereji ya Wachagga kule Kilimanjaro, na mvua. Mvua inamwagilia vizuri kuliko zote na mkulima hainui hata mkono. Wewe ulianza na mvua, dada yangu. Sasa umepewa ndoo na kamba, na unadhani umefukuzwa bustanini. Teresa anaongeza kwamba kuna siku ndoo inapanda tupu, na hata siku hizo mtunza bustani aje, kwa sababu hakuja kujifurahisha, alikuja kwa ajili ya Mwenye bustani. Yeye mwenyewe alikiri kwamba kwa miaka kadhaa, akiwa kwenye sala, alikuwa akisikiliza zaidi kama saa imegonga ili aondoke. Mwanamke huyo ndiye leo Mwalimu wa Kanisa katika mambo ya sala.

Mimi nilifanya utume miaka kadhaa vijijini Dodoma. Kiangazi mto pale ni mchanga mtupu, unatembea katikati yake na viatu. Asubuhi kina mama wanachimba mchangani kwa mikono na kata, shimo linafika kiunoni, wanakaa wanangoja maji yajikusanye, wanateka kata moja, wanangoja tena. Ndoo moja inaweza kula saa nzima. Sikumsikia hata mmoja akisema mto umekufa.

Kwa hiyo, ndoo yako iwe ndogo. Acha kwa sasa kulenga mkesha. Chagua dakika 10, saa ileile na kiti kilekile, kabla watoto hawajaamka. Soma zaburi moja kwa sauti, hata kama sauti yako unaisikia kama ya mtu mwingine. Sema Baba Yetu polepole. Kisha kaa kimya na umwambie neno moja la kweli, hata likiwa ni "sikuoni". Usijipime umesikia nini. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alishauri kwamba wakati wa ukiwa, yaani roho inapokuwa kavu na gizani kama yako sasa, mtu azidishe kidogo muda aliopanga badala ya kuupunguza, ili asizoee kukimbia. Basi uliahidi 10, kaa 11. Rozari endelea nayo, lakini ishike kama kipofu anavyoshika kamba ya kumwongoza. Hana haja ya kuionja. Akiba ya maneno mazuri huna, sawa, ndiyo maana Kanisa limekuwekea maneno tayari.

Kitubio nenda, mara moja, kwa ukweli. Inyasi alitaja uzembe na makosa yetu kuwa sababu mojawapo ya ukiwa, si sababu pekee. Jichunguze, ungama, toka. Usirudi kila wiki kuchokonoa dhambi ambayo haipo ili tu upate maelezo.

Kuhusu mhubiri wako nitasema kwa kifupi na bila kuficha. Ukombozi wako umeshalipwa msalabani, na ulikufikia siku ya ubatizo wako bila risiti. Anayekudai pesa ili akufungulie mlango ambao Kristo ameufungua anakuibia, hata akikuibia kwa Jina la Yesu. Usitoe tena. Na kufunga siku 21 ukiwa umechoka hivi, usirudie.

Sasa unafiki. Mama anayeamka saa tisa usiku kumnyonyesha mtoto, macho yamefumba, hana hata tone la hisia tamu, utamwita mnafiki? Mnafiki anaonyesha anachokitaka watu waone na ndani anataka kingine. Wewe ndani unataka kilekile unachokisema. Unataka kuliko unavyoweza kuhisi. Jumuiya inaposikia sauti yako ikisema Nasadiki, inasikia mtu anayesadiki kwa gharama.

Teresia wa Mtoto Yesu, yule mtakatifu mdogo ambaye sanamu yake imo katika makanisa yetu mengi, tangu Pasaka ya 1896 aliingia katika giza ambamo mbingu yenyewe ilionekana kama haipo, na hakutoka humo hadi alipokufa kwa kifua kikuu tarehe 30 Septemba 1897, ana miaka 24. Aliiandika Kanuni ya Imani kwa damu yake, akawa anaibeba kifuani. Alisema kwamba katika mwaka ule mmoja alifanya matendo ya imani mengi kuliko maisha yake yote ya kabla. Imani yenyewe ilikuwa inatenda, bila msaada wa hisia.

Kwa hiyo usijiuzulu sasa. Hii pia ni ya Inyasi, na kwangu ni kanuni ya chuma: wakati wa ukiwa usibadili uamuzi ulioufanya ukiwa na nuru. Kama uenyekiti unakuelemea kwa uchovu tu, hilo ni jambo jingine. Lizungumze na paroko wako mchana, ukiwa umelala vizuri, gawa kazi, mwache makamu aongoze wiki hii na ile. Lakini kuondoka kwa sababu unajiona hufai, hapana.

Utaniuliza itakwisha lini. Siwezi kukuahidi. Mama Teresa wa Kalkuta alianza kuishi katika giza la namna hiyo karibu na mwaka 1950, alipoanzisha shirika lake, na isipokuwa nafasi fupi ya kupumua mwaka 1958, lilikaa naye hadi kifo chake mwaka 1997. Dunia nzima iliona tabasamu, na barua zake zilipochapishwa mwaka 2007 wengi walishtuka. Linalonigusa zaidi ni kwamba mwaka 1961, baada ya kumweleza hali yake padre mmoja Mjesuiti, Joseph Neuner, aliandika kwamba kwa mara ya kwanza katika miaka 11 ameanza kulipenda giza lile. Halikuondoka. Lakini alikuwa amelisema kwa mtu, na mtu huyo hakumlaumu. Walio wengi hawakai humo muda mrefu hivyo. Mimi mwenyewe nilikaa karibu miaka miwili, nikiwa padre kijana, nikihubiri Noeli kwamba Mungu yu pamoja nasi huku ndani yangu hakuna taa. Padre mzee niliyekuwa naye parokiani aliniambia niendelee tu kufungua mlango wa kanisa saa kumi na moja na nusu, mengine si kazi yangu. Nilikasirika. Nikaendelea kufungua. Siku ilipopita sikuitambua. Nilishtukia tu, wakati wa kubariki maji, kwamba nasali.

Kwa hiyo tafuta mtu wako mmoja wa kumwambia. Unakumbuka katika Marko 2, yule mgonjwa wa kupooza aliyebebwa na watu wanne wakatoboa paa. Injili inasema Yesu aliiona imani yao. Ya wale wanne. Umebeba jumuiya yako muda mrefu; chagua mama mmoja humo mwenye moyo mtulivu, asiyependa kutoa ushauri, umwambie: mimi siwezi kusali sasa, nisalie. Hutakuwa wa kwanza kumwambia, naamini.

Na Ijumaa hii, saa tatu usiku, watoto wakishalala, fungua Zaburi 88. Isome kwa sauti. Ukifika mwisho usiongeze aleluya. Kaa, na kama ile sentensi kuhusu mama itakuja, iache itoke, hata kwa hasira, hata kwa kilugha chenu mlichokuwa mkisemeshana naye. Mimi saa hiyohiyo nitakuwa naisali huku. Tafadhali nitumie jina la ubatizo la mama yako, nimtaje altareni Jumamosi asubuhi.